Ufunguo Apewe Anayenung'unika



Katika kongamano moja, mwenzangu ninayemheshimu alisema ugomvi ndani ya makanisa yetu chanzo chake ni katiba dhaifu. Katiba zikinyooshwa, na Msajili wa Jumuiya akiwa mkali, watu watatulia. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi usiku ule sikulala.

Nina neno na hoja hii.

Mfano anaoupenda mwenzangu ni Meru, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Basi tuutazame. Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ilikuwa na katiba, vikao na mihuri. Wameru walitaka dayosisi yao wenyewe, na katiba haikuwazuia kutaka. Watu waligawanyika, mali zikaharibiwa, Serikali ikaingia kati. Leo KKKT ina Dayosisi ya Meru. Waliolalamika walipata nyumba yao, na maandishi yakaja kuthibitisha.

Nenda nyuma zaidi, Mukono, Uganda, mwaka 1941. Wanafunzi waliofuata uamsho wa kiroho walifukuzwa chuo cha theolojia kwa kukaidi amri ya wakubwa. Kanuni ilikuwa upande wa wakubwa. Uamsho haukufa, uliendelea kuenea Afrika Mashariki, na mmoja wa watu wake, Festo Kivengere, alikuja kufundisha shule hapa hapa Dodoma. Kanuni inaweza kumtoa mtu chumbani. Neno lake hubaki.

Sasa nifungue Matendo ya Mitume, sura ya 6, ambayo nimeisoma kwa miaka mingi na bado sijaimaliza. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa chakula kinapogawanywa. Manung'uniko yakazuka dhidi ya Waebrania. Mitume hawakuuliza nani kaanzisha maneno. Waliita mkutano wote, wakaagiza wachaguliwe watu saba. Hebu sikilizeni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani! Na huyo wa mwisho ni mwongofu kutoka Antiokia, mgeni kabisa. Hakuna aliyesema tuchague nusu kwa nusu. Chungu kilikabidhiwa upande ule ule uliokuwa na njaa. Wafasiri wengi huharakia mahubiri ya Stefano. Mimi hubaki hapo kwenye majina.

Nimebaki hapo kwa sababu ya nilichokiona utotoni kwetu Mtera. Bwawa lilileta wavuvi kutoka mbali, nao wakasali nasi. Siku ya mavuno Wagogo walileta mtama na uwele, wavuvi samaki wakavu. Mtama ulipimwa kwa debe na kuandikwa daftarini. Samaki walipokelewa kwa shukrani, wakapelekwa jikoni kwa mwinjilisti, ambaye ni marehemu baba yangu. Hawakuandikwa. Sisi watoto wake tuliwala. Mwaka wa tatu wavuvi walikaa nje ya kanisa ibada nzima, mgongo ukiwa ukutani, na mama mmoja wao akasema kwa sauti kwamba sadaka yao haina jina.

Wazee walitaka kumsimamisha ushirika. Bibi yangu, asiyejua kusoma, alisema mama huyo ndiye apewe sanduku la sadaka. Akapewa, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Jumapili iliyofuata daftari lilikuwa na mstari mpya: perege wakavu 14, mwandiko mkubwa, kalamu imekandamizwa hadi ukurasa wa nyuma.

Mtaniambia: hilo ni kanisa la nyasi, Profesa, kwenye sharika za mjini zenye mamilioni, mlalamikaji akipewa funguo ataiba au atalipiza kisasi. Hoja hii ina uzito. Wapo wanaonung'unika kwa sababu wanakitaka kiti tu, na nimewahi kukaa nao mezani. Ndiyo maana nakubali ukaguzi wa hesabu, nakubali wadhamini waliosajiliwa, nakubali hata katiba ya mwenzangu, kila kifungu. Hata Mitume waliweka sharti: wawe watu walioshuhudiwa wema. Lakini baada ya kupima yote haya, nasema vile vile: ufunguo apewe anayenung'unika, na apewe kabla hajatoka nje kukaa ukutani.

Yule mama alitunza sanduku hadi alipohama na wenzake, maji yalipopungua. Siku ya kuondoka alilihesabu mbele ya bibi, sarafu kwa sarafu, juu ya mkeka.