Dalili za Kukaribia Kukoma Hedhi: Mazungumzo na Akina Mama wa Utange



Jasho la kaskazi sote twalijua. Lakini kuna jasho jingine: joto linapanda ghafla kifuani hadi usoni kwa dakika chache, kisha unahisi baridi. Usiku unaamka leso imelowa, na msimu ni wa kusi. Wengi hukimbilia dawa ya malaria bila kupima. Pima kwanza. Ikiwa si malaria na umeingia miaka ya 40, huenda mwili unajiandaa kukoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni inapanda na kushuka.

Dalili nyingine ni hedhi kukaribiana au kuchelewa, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, hasira za karibu, kusahau, na ukavu unaoleta maumivu katika tendo la ndoa. Si uchawi, wala si wazimu.

Hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo mimba yaweza kuingia, basi msiache uzazi wa mpango.

Damu ikijaza pedi kila saa, ikitoka baada ya tendo la ndoa, au ikirudi baada ya miezi hiyo 12, usingoje. Nenda ukapimwe, yaweza kuwa uvimbe au saratani, na ikigunduliwa mapema matibabu huwa mepesi.

Akina baba, mke akifungua dirisha usiku wa manane, msimgombeze. Mwandamane kliniki.