Jumapili Moja na Siku Sita



Mimi nina kisukari. Kwa ushauri wa daktari nala wanga usiozidi gramu 50 kwa siku. Jumapili nikajipa ruhusa. Lakini ugali wa unga gramu 200 una wanga gramu 150 hivi: posho ya siku tatu kwa mlo mmoja!

Jumatatu mizani ilipanda, nikakata tamaa bure. Sehemu kubwa ni maji: kila gramu ya wanga inayowekwa akiba mwilini hushika maji gramu 3 hivi, nayo hutoka baada ya siku chache. Hoja si mizani. Hoja ni sukari ya damu, isiyojua Jumapili. Tena Jumapili yangu ilianza Jumamosi jioni, ikaisha Jumanne.

Leo pilau inanukia. Nitakula vijiko vitatu, kisha nyama na mchicha. Vijana, msiige posho yangu. Ni ya mgonjwa, ninyi mnakua. Shikeni hili tu: ruhusa isiyo na mpaka huwa desturi.