DEREVA MPYA NA DAFTARI LA SAFARI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na vijana wanaotafuta kazi ya udereva, Kitale, na kurudiwa Bungoma)

Ndugu wanachama, na ninyi vijana ambao bado hamjajiunga,

Nimeombwa kusema juu ya jambo moja. Mtu mwenye leseni mpya, asiye na miaka mingi barabarani, atapata wapi kazi ya lori, hata kama ni ya siku chache kwa mwezi? Kila tajiri humwuliza, "Umeendesha miaka mingapi?" Akijibu mmoja, huambiwa arudi akiwa na mitatu. Basi hiyo mitatu ataipata wapi, ikiwa hakuna anayempa usukani?

Kwanza, jueni msimu. Huku Trans Nzoia mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, na tangu hapo mpaka Januari magunia hutoka mashambani kwenda kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na viwanda vya unga. Machi na Aprili mzigo hugeuka: mbolea na mbegu hutoka mjini kwenda shambani. Upande wa Bungoma kuna miwa, na kuna barabara kuu ya kwenda Malaba, ambayo hailali. Katika miezi hiyo mwenye lori mbili au tatu hupungukiwa na watu. Dereva wake wa kudumu huugua, au hufiwa, au huchoka. Hapo ndipo penye mlango wa dereva wa kibarua. Lakini asiyejulikana Septemba haitwi Oktoba. Tangulieni.

Tajiri akitaka mtu wa kushika gari siku mbili, huwauliza madereva wake. Kwa hiyo si aibu kuanza kwa utanboi, hata leseni ikiwa mfukoni. Tanboi hujifunza mambo mengi ambayo shule ya udereva haina nafasi ya kumfundisha: kupanga magunia ili uzito usilalie upande mmoja, kufunga turubai, kukagua tairi, kusikiliza breki kabla ya mteremko. Dereva mzee akisema, "Huyu kijana namjua," neno hilo lina nguvu kuliko barua kumi za maombi.

Pili, itazameni leseni yenu. NTSA imegawa malori kwa herufi: C1 ni lori dogo, C ni la kadiri, CE ni lori lenye trela. Mwenye C1 akiambiwa, "Peleka hii trela mpaka Webuye tu," na akatii, amejifunga mwenyewe. Likitokea la kutokea, bima huweza kukataa kulipa, na wa kwanza kushikwa ni yeye aliyekuwa kwenye usukani. Ulizeni pia kama bima ya gari hilo inamkubali dereva mpya, maana nyingine humdai mwenye gari fedha zaidi ajali ikiwa mkononi mwa asiye mzoefu.

Tatu, saa na uzito. Tangu 2012 Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Anayekwambia ufike kesho asubuhi peke yako anakuambia uvunje sheria na uhatarishe roho yako. Na ukikuta mzigo umezidi, sema kabla ya kuondoka ghalani. Ukisema mbele ya mizani ya Webuye umechelewa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hapa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha kazi, chenye jina la mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lakini haimlazimishi kufanya hivyo kama kazi haikufika majuma 4 mfululizo. Ndugu, tazameni hapo. Kijana anaweza kushika lori siku 5 kwa huyu, siku 8 kwa yule, miaka 2 mizima, na asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha. Barabara anaijua, lakini mbele ya tajiri mpya bado ni mgeni.

Wazee wetu waliitwa vibarua kwa sababu ya barua ndogo, karatasi iliyoonyesha siku walizofanya kazi. Leo jina limebaki, karatasi imepotea. Turudishe karatasi. Kila dereva wa muda awe na daftari. Aandike tarehe, namba ya gari, aina yake, alikotoka na alikofika, mzigo, saa ya kuondoka na ya kufika, na malipo. Mwenye gari atie sahihi siku ile ile. Stakabadhi ya ghala ipigwe picha kwa simu. Daftari hilo ndilo uzoefu wenu unaoonekana kwa macho.

Tena ni ngao. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo chasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake hufikia mwezi, si kibarua tena. Ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi. Atazionyesha vipi siku hizo bila maandishi? Na mkiumia kazini, msikubali kuambiwa kwamba kibarua hana fidia. Sheria ya fidia ya 2007 haimbagui mfanyakazi kwa sababu analipwa kwa siku. Toeni ripoti mara moja.

Mwisho nasema na ninyi madereva wa kudumu. Najua mnanung'unika kwamba vijana hawa wanashusha bei. Kweli, kijana mwenye njaa hukubali nusu ya malipo, na kesho tajiri anakuja kwako na bei hiyo hiyo. Lakini kumfukuza hakutazuia, maana atakwenda kwa mwenye lori mwingine. Mwelezeni kwamba amri ya serikali ya mishahara ya chini inamtaja dereva kwa aina ya gari na mahali, na ina kiwango cha siku. Mwandikisheni chamani. Kijana mwenye daftari, anayejua kiwango chake, hawezi kutumiwa kama rungu la kukupigia wewe.

Naomba tawi la Kitale na tawi la Bungoma yafungue kitabu cha madereva wa muda: jina, daraja la leseni, safari zilizothibitishwa. Tajiri akikosa dereva, aje ofisini kwetu kwanza, na atoke na mtu pamoja na bei ya haki.

Umoja ni nguvu.