Tunamlilia Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya ulemavu. Tutaanzia matangani, maana ndiko sisi wafanyakazi wa ustawi wa jamii tulikofundishwa.

Mama mmoja alifiwa na binti yake wa miaka 14. Mtoto huyo alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakutembea wala kusema. Tulienda kumpa pole, tukamwambia vile sote husema: "Mama, shukuru Mungu. Amepumzika, na wewe umepumzika." Mama akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Jirani yangu alipofiwa na kijana wake wa chuo, mlimwambia amepumzika?"

Tulikosa jibu. Ukweli ni kwamba waliopumzika ni sisi, tuliokuwa tukipita nyumba ile haraka haraka kwa kuona haya.

Hata mzazi ana huzuni ya namna hii. Akizaliwa mtoto mwenye ulemavu, mzazi humlilia yule aliyemtarajia: wa kuchunga ng'ombe, wa kusoma, wa kumtunza uzeeni. Je, huko si kujipenda? Ni kujipenda, lakini tusimrushie mtu mawe kwa hilo. Kila anayelia hujililia pia. Mjane husema, "Umeniacha na nani?" Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro.

Ubaya huanza pale mtoto yu hai, nasi tunamfanyia matanga kila siku. Wageni wakija anafichwa. Karo inalipiwa ndugu zake tu. Baba anahama nyumba akisema mambo haya yametoka ukoo wa mama. Hata wanafunzi wa Yesu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Wakajibiwa: si yeye, wala si wazazi wake.

Mambo yanabadilika, hilo tukubali. Sheria ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na mwaka 2025 ikapatikana mpya. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Lakini sheria haiketi matangani, wala haihudhurii mkutano wa kikundi. Huko tuko sisi. Basi tufanye haya:

1. Mzazi akilia, mwacheni alie. Msimhubirie siku ya kwanza. Mbebeeni mtoto, naye apate nafasi ya kwenda mtoni au kulala kidogo.

2. Msimwache akae na huzuni peke yake mpaka mtoto acheleweshwe. Msindikizeni hospitali mapema mtoto apimwe, kisha aandikishwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

3. Mwenye ulemavu aingie kikundini kama mwanachama kamili: anunue hisa, akope, alipe, achaguliwe. Tusimkumbuke siku ya kugawa unga tu.

4. Akifa, tumlilie kama mtu. Tutaje jina lake na mambo aliyoyapenda.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Wengi wetu hutumia methali hii kujitisha, eti kesho ni mimi. Hiyo nayo ni kujifikiria sisi wenyewe. Tumheshimu mwenzetu kwa sababu ni mtu, hata kama sisi hatutapatwa na lolote.

Tulirudi kwa yule mama baada ya mazishi, tukamwomba msamaha. Safari hii tulimwuliza habari za binti yake. Akatuambia kwamba mtoto alikuwa akicheka kila asubuhi akisikia mkebe wa maziwa ukigonga langoni. Tulikuwa tumeijua nyumba hiyo miaka mingi, na jambo hilo hatukulijua.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

– Kijijini kwetu ni mtoto gani ambaye hatujamwona siku nyingi? Nani atamtembelea wiki hii?

– Matangani huwa tunasema maneno gani ya kututuliza sisi wenyewe kuliko kumfariji mfiwa?