Sekunde za Mwanzo: Picha ya Ubongo Wakati wa Kifafa na Hali ya Mgonjwa wa Mucojo



Niliombwa nieleze picha ya ubongo inayopigwa kwa ajili ya upasuaji wa kifafa, nikiwafikiria wahudumu wenzetu wa Mucojo, kwenye pwani ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kifafa chenyewe sote tunakijua. Kifafa sugu ni kile kinachoendelea baada ya dawa mbili zilizofaa, zilizotumiwa sawasawa. Takriban theluthi ya wagonjwa wamo humo, na baadhi yao hupona wakiondolewa sehemu ya ubongo inayokianzisha.

Sehemu hiyo hupokea damu nyingi mgonjwa anapoanza kushikwa. Akiwa wodini chini ya kamera na EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), hudungwa mara moja dawa yenye mnururisho wa teknesiamu-99m, ambayo hunasa kwenye ubongo inapopita mara ya kwanza. Hata akipelekwa kwenye mashine baadaye, ametulia, picha huonyesha damu ilivyokuwa wakati wa sindano, kisha hulinganishwa na picha ya siku ambayo hakushikwa. Sindano ikichelewa dakika moja, picha huweza kuonyesha kifafa kilikosambaa badala ya kilikoanzia. Na teknesiamu hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo haihifadhiki Mucojo.

Sipendekezi Cabo Delgado inunuliwe mashine hiyo. Uamuzi huo una wenyewe. Ninalopigania kwa miaka mingi ni dogo kuliko hilo: nani aliona mwanzo?

Barua za rufaa huniambia "alianguka, akatoa povu." Povu huja mwishoni! Wengi wanaamini mate ya mgonjwa yanaambukiza, basi hukimbia. Anayerudi kumwinua hukuta mshtuko umekwisha. Lakini mama aliyeketi na mwanawe jikoni aliona mengi, na hakuna aliyemuuliza. Je, mtoto alilalamika hofu au kitu kinachopanda tumboni? Alikodoa macho, akatafunatafuna, akavutavuta nguo? Mkono upi ulikakamaa? Mkono wa kushoto ukikakamaa peke yake, mara nyingi chanzo kiko upande wa kulia wa ubongo. Baada ya kuzinduka, aliweza kusema? Maswali haya hayana gharama, na ndiyo yanayomwambia daktari wa upasuaji atafute wapi. Na inawezekana kwa vifaa vichache: mwaka 2009 iliripotiwa kazi ya Mbale, Uganda, ambako wagonjwa walichaguliwa kwa video, EEG na CT, wakafanyiwa upasuaji, na wengi wao wakafanikiwa. Inaniuma kuona tunasubiri mitambo ilhali shahidi amekaa kwenye benchi letu.

Jambo la pili linatokana na hilohilo la kutouliza. Vita vilivyoanza 2017 na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 viliwatawanya watu wa pwani hii. Aliyekimbia bila fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, akaanguka mara tano hana kifafa sugu. Ana kifafa kisicho na dawa. Kuikatiza dawa hiyo ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma, unaoua.

Napendekeza, basi, mwanzo wa kifafa uandikwe kwa maneno ya aliyeuona kabla ya kuandika jina la ugonjwa. Familia zifundishwe kumlaza mgonjwa ubavu, kumtoa karibu na moto na maji, na kutomtia kitu mdomoni. Akiwapo mtu wa pili mwenye simu, apige video tangu mwanzo, kwa ridhaa, ibaki kwa familia. Walimu wa madrasa na manahodha waambiwe wazi kwamba mate hayaambukizi. Mgonjwa asivue samaki peke yake wala kuachwa aogelee bila mtu. Kila anayehama apewe karatasi yenye jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho kuipokea, na kituo anachofikia kimpe dawa siku hiyohiyo. Neno "sugu" lisiandikwe kabla ya kuthibitisha kwamba dawa zilikuwapo na zilimezwa. Na narudia, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa: mkono uliokakamaa uandikwe, kulia au kushoto. Rufaa isiyo na hayo irudishwe kwa aliyeiandika ili aikamilishe, huku mgonjwa akiendelea kuhudumiwa.