Mafahali Wawili Zizi Moja: Kuzuia Vita vya Majogoo Bomani

Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya wafugaji wa kuku wa kienyeji



Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wafugaji wengi wa Malindi, Magarini, Ganze na kwingineko Kilifi huliona jambo hilo kila asubuhi, ila kwao ni majogoo. Banda likifunguliwa tu, manyoya yanaruka, damu inatoka na mitetea wanakimbilia kwa jirani. Lawama humwendea jogoo kuwa ni mkali. Lakini vita vingi huletwa na hesabu mbaya: majogoo ni wengi kuliko kazi iliyopo, na boma ni dogo.

Jogoo 1 anatosha mitetea 8 hadi 10. Tuseme mama ana mitetea 9 na majogoo 3. Wawili hawana kazi isipokuwa kugombana. Wanakula mahindi na machicha ya nazi kila siku, na kwa kuwapanda mitetea kupita kiasi huwanyonyoa na kuwajeruhi migongo. Mtetea mwenye hofu hula kidogo na huenda kutaga vichakani. Anayetaka mayai ya kula tu hahitaji jogoo hata mmoja. Mtetea hutaga bila jogoo, ila mayai hayo hayatoi vifaranga.

Jogoo huanza kutafuta ubabe afikapo miezi 4 au 5. Huo ndio wakati wa kuchagua. Abakizwe aliye mkubwa, mwenye afya na mtulivu, anayewaita mitetea anapopata chakula. Wengine wauzwe au waingie chunguni kabla hawajaumizana, kwa kuwa jogoo mwenye undu uliochanika hapati bei nzuri sokoni. Anayetaka kuwanenepesha kwa ajili ya Krismasi, Idi au harusi awaweke majogoo peke yao, mbali na mitetea. Pasipo mitetea wa kugombea, ugomvi hupungua.

Wapo wanaolazimika kubaki na majogoo 2. Hao watenge boma kwa fito na makuti ili majogoo wasionane, na kila upande uwe na chakula, maji na kivuli chake. Kwenye joto la pwani, maji yakiwa mahali pamoja tu, aliyeshindwa hufukuzwa na hukaa na kiu mchana kutwa.

Jogoo mgeni asitupwe tu ndani ya banda. Akae mbali wiki 2 kwanza, ionekane kama ana ugonjwa. Kisha akae nyuma ya waya siku kadhaa, wenyeji wamzoee, na aingizwe jioni kuku wanapolala.

Mfugaji ajue pia aina ya kuku alio nao. Kuchi, yule mrefu wa miguu na shingo anayejulikana pwani kuanzia Lamu hadi Zanzibar, anapendwa kwa ukubwa wake, lakini ni wa ukoo wa kupigana. Kuchi wawili waliokomaa wasiwekwe pamoja. Na anayewapiganisha majogoo kwa burudani au kamari akumbuke kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kupiganisha wanyama.

Si kila purukushani ni vita. Wakidonoana kidogo na mmoja akageuka, waachwe, wanapangana nani mkubwa. Damu ikitoka, au aliyeshindwa akiendelea kuandamwa, waamuliwe. Mkono usitumike. Mmoja afunikwe kwa tenga, au wamwagiwe maji. Majeruhi atengwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kuku wengine hudonoa penye damu. Kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na nzi wazuiwe. Kidonda pia ni mlango wa ndui ya kuku, ambayo huenezwa na mbu vilevile. Vipele vikitokea usoni na kwenye undu bila kuku kupigana, aitwe afisa wa mifugo wa wadi.

La mwisho ni la watoto. Jogoo anayerukia watu anaweza kumpiga mtoto jichoni kwa kipi, ule mwiba wa mguuni. Watoto wasimchokoze wala kumkimbiza. Ncha ya kipi inaweza kupunguzwa, lakini ncha tu, kwani ndani mna damu. Akiendelea kushambulia, asiachwe kuzalisha, kwa maana ukali huo hurithiwa.

Basi jioni ya leo, kuku wanapoingia kulala, kila mfugaji ahesabu mitetea wake, kisha ahesabu majogoo. Jogoo wa ziada akiondoka mapema ni pesa mfukoni. Akiachwa, hugeuka hasara na ugomvi wa majirani.