Barua za Kuuza Ndege

Wengi wajua kwamba Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baisikeli wa mji wa Dayton, Marekani, waliruka kwa ndege yenye injini tarehe 17 Desemba, 1903. Wachache wajua jinsi walivyotaabika kuiuza.

Januari 1905 walimwandikia mjumbe wao wa Bunge, wakiuliza kama Serikali yaitaka ndege yao kwa upelelezi wa vita. Barua ikapelekwa kwa maofisa wa Idara ya Vita. Idara hiyo ilikuwa imekwisha kumpa mtaalamu Langley dola 50,000, na ndege yake ikaanguka mtoni mara mbili. Basi maofisa wakajibu kwamba hawatoi fedha za majaribio. Lakini nani aliyeziomba? Ndugu hao walikuwa wakiuza kitu kilichokwisha kuruka!

Tarehe 5 Oktoba, 1905, Wilbur aliruka maili 24 kwa dakika 39. Wakaandika tena; jibu likawa lile lile.

Nao ndugu walikuwa wagumu. Kwa kuogopa kuigwa, walikataa kuionyesha ndege kabla mapatano hayajatiwa sahihi. Hata mwuza ng'ombe humtoa mnyama wake zizini atazamwe. Kwa zaidi ya miaka miwili hawakuruka kabisa.

Februari 1908 mapatano yalitiwa sahihi: dola 25,000, na ndege ichukue watu wawili. Mwaka 1909 walilipwa dola 30,000, kwa kuwa ilipita mwendo wa maili 40 kwa saa uliotakiwa.